Pipa lako la maji ndilo kitalu cha mbu

Mbu anayekuuma saa kumi na moja jioni umekaa barazani hakutoka mbali. Ni Aedes aegypti, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, na mara nyingi haendi zaidi ya mita mia moja kutoka alikozaliwa. Ndiye anayeeneza homa ya dengi hapa Mombasa, na ndiye aliyetuletea mlipuko wa chikungunya, homa ya kuumwa viungo, wa 2017 na 2018. Kufyeka nyasi hakumpunguzi. Yeye huzaliwa kwenye maji tunayoyaweka akiba wenyewe, maana mfereji hutoa maji leo kisha ukakauka siku kadhaa.

Wengi humwaga maji ya pipa, wakajaza tena, wakashangaa wiki ijayo viluwiluwi wamerudi. Sababu ni kwamba jike hatagi katikati ya maji. Hubandika mayai kwenye ukuta wenye unyevu, juu kidogo ya maji. Ni meusi, madogo sana, utadhani uchafu. Yakikauka hayafi: hukaa miezi, na maji yakipanda hadi yalipo huanguliwa. Kwa joto letu, yai hufika kuwa mbu kwa siku saba hadi kumi.

Basi chagua siku moja ya wiki, usiiruke. Pipa likiwa limepungua, changanya Jik isiyozimuliwa na sabuni ya unga mpaka iwe uji mzito, paka ukuta wa ndani juu ya maji, ngoja dakika 10 hadi 15, kisha sugua kwa brashi ngumu na usuuze vizuri. Usiichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu. Jik kidogo ya kusafishia maji ya kunywa haiui mayai, usiitegemee.

Kifuniko cha mbao kilichopinda ni kama hakipo. Funika kwa kitambaa kizito au wavu wa dirisha, ukikaze kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kikilegea katikati, maji ya mvua yatatuama juu yake na mbu atataga hapo hapo. Kwenye matangi ya juu, watu husahau bomba la kufurikia. Lifunge wavu pia.

Tangi la chini ya ardhi lisiloweza kusuguliwa ndilo linalohitaji dawa. Temefosi, dawa ya kuua viluwiluwi, ya chembechembe ya 1% hutiwa gramu 1 kwa lita 10, yaani gramu 20 kwa pipa la lita 200. Pima kwa mizani. Muulize kwanza afisa wa afya ya umma kama inaruhusiwa kwa maji ya kunywa.

Vifuu, matairi, sahani za maua na mlizamu uliojaa majani: ondoa au toboa, yaishe.

Wanaolia masikioni usiku wengi ni Culex, wa karo na vyoo vya shimo, nao hueneza matende. Ziba nyufa za mfuniko, ufunge wavu kwenye bomba la hewa. Shimo lenye maji lisilofurika hufaa kumwagiwa chembe za styrofoam, tabaka la sentimita moja au mbili: viluwiluwi hukosa pumzi. Ila kama hunyonywa na lori, usitie, zitaondoka nalo. Na oili chafu ya gari usimwage kabisa. Mwamba wetu wa matumbawe una vinyweleo, na itashukia kisima chako mwenyewe.