Daraja la kwanza: valia kitanda, si macho ya watu

Watu waliokata tiketi ya daraja la kwanza kwa mara ya kwanza hawaniulizi sana habari za chakula wala kitanda. Wanauliza: nivae nini? Na ndani ya swali hilo huwa kuna hofu, kwamba watafika mlangoni mwa ndege waonekane si wa pale. Nimehudumia abiria wa kabini ya mbele kwa miaka mingi, na sasa nafundisha wahudumu wapya, kwa hiyo nianze na hiyo hofu. Aliyelipia tiketi yake hadaiwi suti. Masharti ya mashirika mengi hugusa mambo machache tu: usipande peku, usivae nguo yenye maneno au picha za matusi, usiache wazi sehemu za mwili zinazotakiwa kusitiriwa. Na masharti hayo ni yale yale kwa aliyekaa kiti cha 1A na kwa aliyekaa mstari wa mwisho karibu na choo.

Suti na tai zilitoka wapi basi? Kwa sehemu kubwa ni mazoea ya zama ambazo kupanda ndege lilikuwa jambo la wachache, na watu walivaa kama waendao kwenye shughuli. Sehemu nyingine imetokana na sisi wenyewe wa kazi hii. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa mashirika na jamaa zao, waliosafiri kwa tiketi za upendeleo, walitakiwa kuvaa rasmi, hasa wakibahatika kupata nafasi mbele. Masharti ya aina hiyo bado yapo, ingawa yamelegezwa sana. Machi 2017 wasichana wawili walizuiwa kupanda ndege ya United Airlines huko Denver kwa kuwa walivaa taiti. Wengi waliosikia habari ile walidhani abiria wote wamekatazwa taiti, kumbe wale walikuwa wanasafiri kwa tiketi za wafanyakazi. Ukipewa tiketi ya namna hiyo, soma masharti yake kabla hujafungua kabati. Wengine hawahusiki.

Kilichobadili mavazi ya mbele ni kitanda. Katikati ya miaka ya 1990 British Airways walileta daraja la kwanza lenye viti vinavyolala bapa kabisa, na mashirika mengine yakafuata. Mwaka 2007 Singapore Airlines wakaanza kuruka na Airbus A380, ndege kubwa ya ghorofa mbili, yenye vyumba vidogo vya kufunga mlango. Koti lililokatwa kwa ajili ya mtu aliyekaa wima halina kazi kwa mtu aliyelala ubavu kwa saa nane. (Nazungumzia safari ndefu. Kwenye safari za ndani za Marekani, kinachoitwa daraja la kwanza mara nyingi ni kiti kipana tu, na hapo nguo yoyote nadhifu unayoweza kukaa nayo saa tatu inatosha.)

Sasa nije kwenye jambo ambalo abiria wa mbele huwa hawalitarajii: hewa yao ni kavu kuliko ya nyuma. Hewa ya nje kwenye kimo cha kusafiria haina unyevu wa maana, na inapoingizwa ndani na kupashwa joto inakuwa kavu kabisa. Unyevu uliomo ndani ya ndege hutoka kwa sehemu kubwa kwenye pumzi na ngozi za abiria. Kule nyuma watu wamekaa wamebanana, wanapumua pamoja, hivyo hewa inapata unyevu kidogo. Mbele kuna watu wachache kwenye nafasi kubwa. Ndege nzima unyevu huwa chini ya asilimia 20 kwa kawaida, na mbele unaweza kushuka hata chini ya 10. Joto la miili nalo ni hivyo hivyo: watu wachache, joto dogo, na mtu aliyelala bila kujongea huhisi baridi mapema kuliko aliyekaa macho. Nimeona abiria wengi wakipanda na shati jepesi la mikono mifupi, kisha usiku wa manane wanabonyeza kengele kuomba blanketi la pili.

Ndiyo maana kitambaa kina uzito kuliko mtindo. Ningekuchagulia mimi, ningekupa fulana nyepesi ya pamba au ya sufu laini ya kondoo wa merino iguse ngozi, na juu yake sweta la vifungo au la zipu, ambalo utaweza kulivua na kulivaa bila kuinuka kitandani. Merino ninaipenda kwa sababu nyuzi zake zinaweza kunyonya unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake bila kukufanya ujihisi umelowa. Hivyo ukipata joto baada ya kula, na baridi baada ya kulala, nguo ile ile inakufaa. Haishiki harufu upesi, na mikunjo yake hujinyoosha ikitundikwa. Kitani ni kizuri machoni, lakini ukiamka nacho kimejikunja chote. Mtandio mpana au shali uibebe hata kama hujazoea: shingo na mabega ndiyo ya kwanza kuhisi hewa inayoshuka toka juu.

Kiunoni kuwe na nafasi. Mgandamizo wa hewa ndani ya ndege iliyo angani ni kama wa mtu aliye mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350 zimeundwa kukaa upande wa chini wa kipimo hicho. Kwa mgandamizo huo, gesi iliyo tumboni hutanuka kwa robo hadi theluthi. Ongeza mlo wa sahani kadhaa, kisha ulale. Suruali iliyokutosha vizuri nyumbani itaanza kukubana hapo. Chagua yenye kiuno cha lastiki au cha kamba, iliyoshonwa vizuri kiasi kwamba hakuna atakayejua. Jinzi nzito siipendekezi kwa kitanda: misumari yake midogo ya mifukoni utaihisi ukilala ubavu, na kitambaa hakinyumbuki. Kofia ya sweta nayo hujikunja chini ya shingo na kukusumbua usiku kucha.

Miguu nitaisemea kwa kirefu kidogo, maana hapa kuna afya na si starehe tu. Miguu huvimba kwenye safari ndefu, kwa hiyo viatu viwe vya kulegezwa: vya kamba, vya kunata, au moka laini. Zaidi ya hapo kuna hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka karibu mara mbili baada ya kusafiri saa nne au zaidi ukiwa umekaa bila kujongea, ingawa kwa mtu mwenye afya inabaki ndogo, takriban mtu mmoja kati ya 6,000. Watu wamezoea kudhani hili ni tatizo la viti vya nyuma. Si kweli. Kinachogandisha damu ni kutulia mahali pamoja, na mbele ndiko mtu anakolala saa nyingi mfululizo, kila kitu kikiletwa mkononi. Soksi za kubana zinazofika chini ya goti, zenye nguvu ya kubana ya milimita 15 hadi 30 za zebaki (kipimo cha mgandamizo) kifundoni, hupunguza uvimbe na hupunguza damu kuganda. Zivae asubuhi ya safari, miguu ikiwa bado haijavimba. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya damu ya miguu, mjamzito, au aliyewahi kuganda damu azungumze na daktari wake kwanza.

Pajama usinunue. Kwenye safari ndefu, hasa za usiku, mashirika mengi hugawa pajama daraja la kwanza: Emirates, Qantas, Singapore Airlines na wengine. Ziombe mara tu unapoketi, na useme saizi yako, kwa sababu saizi za pembeni, ndogo sana na kubwa sana, huwa chache. Ukishabadili, mpe mhudumu nguo zako azitundike. Hiyo ni kazi yetu, hutusumbui. Ndani ya A380 za Emirates kuna bafu la kuoga kwa abiria wa daraja hilo, na maji ya moto ni dakika tano. Ukipanga kuoga, weka nguo safi za ndani kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililoenda chini. Slipa za ndege ni za kutembelea kabinini. Chooni vaa kitu chenye soli, usiingie na soksi.

Ila wakati wa kupaa na kutua, tafadhali, viatu viwe miguuni. Hili wanafunzi wangu huwa nawarudia mpaka walikariri. Ndege hupimwa kwa kuonyesha kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki, na hakuna muda wa kutafuta kiatu gizani. Visigino virefu utaambiwa uvivue kabla ya kuteleza kwenye mtelezo wa dharura. Na kama kuna moto, poliesta na nailoni huyeyuka na kugandia ngozi, wakati sufu ni ngumu kushika moto. Suruali ndefu na mikono mirefu ya sufu au pamba ni kinga halisi.

Kuna mahali pamoja ambapo bado unaweza kurudishwa kwa sababu ya nguo: ukumbi wa mapumziko uwanjani. Qantas, kwa mfano, hawaruhusu kandambili wala nguo za kulalia kwenye kumbi zao. Kwa hiyo ukiunganisha ndege, usishuke na pajama.

Mengine ni madogo. Rangi za kukolea huficha divai na mchuzi ndege inapotikisika. Vua pete inayobana kabla vidole havijavimba. Mwenye lenzi za macho avae miwani. Manukato yawe kidogo sana, maana jirani yako hawezi kufungua dirisha. Ukilala, funga mkanda juu ya blanketi uonekane, tusije tukakuamsha.

Asubuhi, omba nguo zako kama saa moja na nusu kabla ya kutua, kabla foleni ya choo haijaanza. Soksi za kubana ziache miguuni mpaka umetoka uwanjani kwa miguu yako.