Kiatu cha tembo kimepotea

Nilipoanza kufundisha Kiswahili kwa wageni, ngeli nilizifundisha kwa jedwali. Ubao ulijaa M-WA, KI-VI, LI-YA mpaka pembeni. Wanafunzi walinakili vizuri, wakafaulu mtihani, halafu siku moja mmoja wa waliopata alama za juu akaja kuniambia, "Mwalimu, kiti yangu amevunjika." Ngeli alikuwa nazo zote, ila zilikuwa daftarini.

Siku hizi somo hilohilo naanza na tembo. Naandika ubaoni maneno matatu tu: kimepotea, anakitafuta, amekipata. Kando naweka maana kwa lugha wanayoijua. Ndiyo, natafsiri, wala sioni haya. Kuhangaika dakika tano na picha na ishara ili nikwepe neno moja la tafsiri ni kuwaonea bure.

Kisha naanza. Tembo ana kiatu, kimoja tu. Kiatu kimepotea. Je, kiatu kimepotea? Ndiyo, kimepotea. Kofia imepotea? Aa, kofia haijapotea, kiatu ndicho kimepotea. Kiatu cha nani kimepotea, cha tembo au cha sungura? Kimepotea wapi? Hilo la mwisho sina jibu lake, nawaachia wenyewe. Akitokea mtu akasema "mwezini", basi kimepotea mwezini, na tembo anakitafuta huko. Somo likiisha, "kimepotea" wameisikia mara nyingi kuliko ambavyo kitabu cha kiada kingethubutu kuirudia, na hakuna aliyepiga miayo, maana kila swali lilikuwa na jambo la kutaka kujua. Kiswahili nacho kinatusaidia: kiatu changu kimoja kimepotea. Masikio yanaikamata hiyo ki-ki-ki kabla akili haijaipa jina.

Ufundi huu wa kuuliza hadithi badala ya kuisimulia ulianza karibu na mwaka 1990 kwa Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania wa Marekani. Alijenga juu ya kazi ya James Asher, aliyefundisha kwa amri: simama, kaa, gusa mlango. Amri zinafaa sana wiki za mwanzo, lakini zina kikomo. Jaribu kumwamuru mtu aonyeshe "ingawa" kwa mwili. Nadharia iliyo nyuma ya ufundi wa hadithi ni ya mwanaisimu Stephen Krashen, aliyeshikilia kuwa lugha hutuingia tunapoelewa ujumbe, si tunapokariri kanuni. Kipimo chake alikiita i+1, yaani pale alipofika mwanafunzi, pamoja na hatua moja mbele.

Hiyo moja ndiyo inayotushinda walimu. Tunaijua lugha vizuri mno, kwa hiyo tunamwaga. Niliwahi kusimulia hadithi ya sungura kwa mbwembwe zote, sauti na mikono, darasa likacheka mpaka mwisho. Nikatoka kifua mbele. Mlangoni mwanafunzi akaniuliza, kwa adabu kabisa, yule mbwa alifanya nini mwishoni. Mbwa hakuwamo. Walikuwa wanaucheka uso wangu.

Tangu hapo, kila baada ya sentensi chache naomba mmoja anieleze kwa lugha yake nini kimetokea, na simwombi hodari, namwomba anayesuasua. Yeye akielewa, twende. Asipoelewa, kosa ni langu na narudi nyuma.

Kwenye kusoma nabana zaidi. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ili msomaji aelewe hadithi vizuri bila msaada, anahitaji kuyajua kama maneno 98 katika kila 100. Kwa hiyo hadithi tuliyoijenga darasani naiandika upya kwa maneno yaleyale, nabadilisha mnyama au mahali, na ndiyo inayokuwa somo la kusoma.

Simfuati Krashen mpaka mwisho wa njia. Mwaka 1985 mtafiti Merrill Swain aliandika kuhusu watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi: walikielewa vizuri, ila wakizungumza sarufi ilikuwa bado inachechemea. Mdomo nao unahitaji zamu yake. Ninachokataa ni kuulazimisha wiki ya kwanza, wakati masikio bado matupu.

Juzi niliwaomba wasimulie wenyewe, bila daftari. Mmoja, ambaye sijawahi kumwonyesha jedwali lolote, akaanza: "Kijana kimepotea." Nilifurahi kuliko nilivyofurahia mitihani yote ile. Kosa hilo hulipati kwa kukariri. Unalipata pale sikio lililoizoea ki linapokutana na neno lenye umbo la KI-VI lakini linalotaja mtu. Sikumkatiza. Kwenye hadithi iliyofuata kijana amepotea, kijana analia, na tembo, mwenye kiatu kimoja, anamtafuta.