Kabla hujanunua dawa ya kuongeza kinga, jua kwanza kinga yako yaelekea wapi

Haipiti wiki hapa maabara bila mama mmoja kuniuliza, "Daktari, huyu mwanangu huuguaugua sana, nimpe nini aongeze kinga?" Mimi si daktari wa kuandika dawa, kazi yangu ni kuchunguza damu na kuelimisha watu, lakini swali lenyewe nalipenda manake mtu ameshafikiria. Shida iko kwa lile neno kuongeza. Tumezoea kuona kinga ni kama maji ya tangi, yakipungua wajaza, yakijaa uko salama, na haiko hivo. Wako watu tunaowapima kinga yao imeshuka chini kabisa, na wako wengine kinga yao ni kali mpaka yala figo za mwenyewe, na wote wawili utawakuta wananunua poda ile ile.

Hebu tuanze na kitu unachokijua. Mtoto akikanyaga kioo kule ufuoni, kidonda kikachafuka, baada ya siku mbili tatu alia kuwa kinena chamuuma na ukipapasa wakuta kivimbe kigumu kama kokwa ya ukwaju. Si ndo mtoki huo? Ile ni tezi, iko hapo siku zote ila ni ndogo huisikii, maji yanayopanda kutoka mguuni huchujwa hapo, viini vya ugonjwa vikinaswa basi seli nyeupe za damu, ndo askari wa mwili, zaanza kuzaana kwa wingi ndo pakavimba. Tezi kama hizo unazo mamia, shingoni, kwapani, mpaka ndani ya tumbo. Na ule usaha wa jipu, sehemu kubwa yake ni seli nyeupe zilizokufa kazini.

Nikitandaza tone la damu kwa kioo nikalitia rangi, chini ya hadubini seli nyekundu zimejaa tele, na hapa na pale yajitokeza nyeupe moja, kubwa, kiini chake cha zambarau kimekatika vipande vitatu vinne vilivyoshikana kwa kijiuzi chembamba. Hiyo yaitwa nyutrofili, ndo ya kwanza kufika penye jeraha na haiishi sana, siku chache tu. Pembeni yake kuna limfosaiti, ya mviringo, kiini karibu kimeijaza yote, na hii ndo yenye kumbukumbu. Zote huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, lakini kundi moja la limfosaiti, zile seli T, hupelekwa kwanza kwa tezi iliyo nyuma ya kidari inayoitwa thaimasi, mimi hupenda kuiita chuo chao. Pale zajaribiwa mambo mawili, je, waweza kumtambua adui, na je, utamwacha salama mwenye nyumba? Inayoshindwa hufa pale pale, na zinazoshindwa ni zaidi ya 9 kwa kila 10. Mwili wenyewe waiogopa kinga isiyo na adabu, ndo mana wachuja hivo.

Hiyo kumbukumbu ndo siri ya chanjo. Mtu wa mwisho duniani kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Marka, Somalia, mwaka 1977, pwani hii hii yetu ukipanda juu, alikuwa mpishi wa hospitali, na 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ndui imekwisha. Lakini kumbukumbu hufutika pia. Surua huingia kwenye seli zenyewe za kumbukumbu, na utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha watoto walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili, zile protini za damu zinazomnasa adui, walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine, yaani mtoto apona vipele halafu yuko wazi kwa vitu alivyokuwa ameshavishinda. Kwa hivo ile sindano ya miezi 9 na ya miezi 18 tafadhali msiiruke. Malaria nayo kinga yake hushuka usipoumwa na mbu wenye malaria muda mrefu, kijana aenda Qatar kazi miaka minne, arudi Kisauni akijiambia mimi ni mtoto wa pwani malaria haiwezi kunifanya kitu, na yamwangusha vibaya. Homa ikikupata baada ya safari kama hiyo pima siku hiyo hiyo.

Sasa kinga iliyoshuka. VVU huvamia seli za CD4, aina ya zile seli T, ambazo ndo huamrisha zengine. Mtu mzima asiye na virusi huwa nazo kama 500 hadi 1,500 kwa milimita moja ya ujazo ya damu, zikiwa chini ya 200 hapo twasema amefika kwenye UKIMWI, na TB au utando mweupe wa koo hupata mlango. ARV, dawa za VVU, haziongezi kinga, zamfunga kirusi asizaane, mwili ukipata nafasi wajijenga wenyewe. Asali na habasoda ya Marikiti kula, ni chakula chetu, lakini kidonge usikiache.

Upande wa pili ndo unaonisumbua roho. Lupasi ni ugonjwa ambao kinga yaushambulia mwili wa mwenyewe, wagonjwa wake 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wangali vijana. Dada aamka asubuhi vidole vimekaza hawezi kufunga vifungo, nywele zatoka, vidonda mdomoni, akitembea juani uso watoka ukurutu mashavuni mpaka juu ya pua, na kwa ngozi zetu nyeusi haung'ai wekundu, huwa kama doa jeusi tu. Atibiwa taifodi mara tatu, aambiwa ni husda, miezi yaenda, mpaka mkojo waanza kutoa povu na miguu kuvimba, kumbe figo zishaumia. Dadangu, ukiwa na dalili hizi omba mkojo wako upimwe protini, ni kipimo rahisi. Dawa moja ya lupasi ni ndugu ya ile klorokwini ya malaria iliyokuwa ikituwasha mwili mzima tukiwa watoto, nayo hutuliza kinga. Mtu kama huyu umnunulie kitu cha kuichochea kinga, wafanya nini?

Na kuna dawa za kupunguza kinga ambazo watu wazimeza bila kujua. Vidonge vya kunenepa vinavyouzwa vimefungwa kwa karatasi, vyengine vina deksamethasoni ndani, dawa kali inayoshusha kinga, uso wajaa ukawa duara, sukari yapanda, TB iliyolala yaamka. Ukiwa umevimeza kwa wiki kadhaa pia usivikate ghafla, mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake na waweza kuanguka, mwone daktari avipunguze polepole.

Ukija kupimwa njoo na mfuko wa dawa zako zote, pamoja na ile poda ya kijani uliyopewa na jirani. Hatukugombezi, twataka tuione tu.