Gemu moja, mashine nyingi

Juu ya meza yangu ya kutengenezea gemu zipo simu tisa za kuzijaribia, na ninayoithamini kuliko zote ni ile ya bei ya chini kabisa: kumbukumbu (RAM) ya GB 2, kioo kimepasuka pembeni. Gemu ikicheza vizuri pale, haitanisumbua kwingine. Juzi imenionyesha kasoro ambayo zile nane hazikuionyesha. Mchezaji akipigiwa simu katikati ya mbio, Android inaifunga gemu ili ipate nafasi. Akimaliza kuongea anakuta mbio zimeanza upya na sarafu zote alizookota hazipo. Nilihangaika nayo siku mbili. Sasa gemu haisubiri mwisho wa mbio ndipo ihifadhi. Inahifadhi kila anapovuka kituo, na tena pale tu inapoachwa nyuma ya programu nyingine.

Nimeanza na hilo kwa sababu vijana wananiuliza kila mara, "Kaka, mbona hamuitoi na kwenye PS?" Swali ni la haki. Injini, yaani programu za kutengenezea gemu, kama Unity na Unreal zinatuwezesha kutoa gemu ileile kwa simu, kompyuta na konsoli kama PS na Xbox, kwa hiyo mtu anaweza kudhani ni kubonyeza kitufe tu. Kumbe hapo ndipo kazi inapoanza. Kidole kinachogusa kioo hakifanani na pedi. Maandishi yanayosomeka kwenye simu hayaonekani kwa aliyekaa kwenye kochi mbele ya TV. Wenye konsoli, yaani Sony, Nintendo na Microsoft, kila mmoja ana ukaguzi wake kabla gemu haijaingia dukani, mpaka jambo dogo kama pedi ikizimika ghafla katikati ya mchezo, gemu ifanye nini. Na kila apdeti unarudi kupima kote.

Tena siyo sisi wadogo tu. Studio ya Larian ya Ubelgiji ilitoa gemu ya Baldur's Gate 3 kwenye kompyuta Agosti 2023, ikafuata PS5 Septemba. Wenye Xbox walisubiri hadi Desemba. Sababu ilikuwa Xbox Series S, mashine ya bei nafuu yenye GB 10 za kumbukumbu wakati kaka yake, Series X, ana GB 16. Gemu ile inaruhusu watu wawili kugawana skrini moja, kila mmoja akienda njia yake, na hapo mashine inabeba sehemu mbili za dunia kwa wakati mmoja. Series S ilizidiwa. Kawaida Microsoft walitaka mashine zote mbili zipate mambo yaleyale. Safari hii walikubali Series S itoke bila skrini ya kugawana. Ilikuja kuongezwa kwa apdeti ya Aprili 2025. Nikiitazama simu yangu iliyopasuka naelewa kabisa walichopitia: mashine dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua gemu yako itafika wapi.

Faida ya kuwa na mashine na maduka mengi ipo, tena kubwa, hasa kwenye pesa. Kwa miaka mingi duka lilichukua asilimia 30 ya mauzo na hukuwa na pa kukimbilia. Epic, kampuni ya Fortnite, walipofungua duka lao Desemba 2018 walitaka asilimia 12. Kuanzia Januari 2021 Apple wanachukua asilimia 15 kwa watengenezaji wasiofikisha dola milioni 1 kwa mwaka. Kwa timu ya watu wanne, tofauti hiyo ni mshahara wa mtu.

Mchezaji naye anaumia mahali ambapo haoni. Chukua gemu ya mpira inayopendwa zaidi kwenye vibanda vyetu. Tangu FIFA 23, mwenye PS5 anaweza kukutana mtandaoni na mwenye Xbox Series au kompyuta, lakini siyo na mwenye PS4. Kampuni moja, jina moja, ila binamu wawili hawawezi kucheza pamoja kwa sababu mmoja alitangulia kununua mpya. Na jukwaa lenyewe linaweza kufa. Google walizima Stadia, huduma yao ya kucheza gemu kupitia intaneti, Januari 2023. Walirudisha pesa za gemu na vifaa vilivyonunuliwa kwao, nami nawapongeza kwa hilo, lakini saa ambazo mtu amecheza hazirudishwi dukani.

Ndiyo maana sisi tunatoka na Android peke yake kwanza, halafu kompyuta. PS itasubiri. Kabla ya hapo nataka mchezaji akibadilisha simu, au akihamia kwenye kompyuta, akute sarafu zake zote palepale alipoziacha. Nimeanza kuiandika sehemu hiyo Jumatatu, na simu ya kwanza kuijaribu ni ile iliyopasuka.