Sukari ya msiba na saini ya mjane

Kwenye semina ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, mzee mmoja kaitoa tena: "Kazi yetu ni matendo ya huruma. Mirathi ni ya ukoo, na haki za watu ni siasa." Akapigiwa makofi. Nimechoka kuisikia.

Huruma tunaiweza. Akifa mume wa mwanajumuiya, kabla jua halijazama turubai limefungwa, mhazini kashika daftari la rambirambi, kina mama wako kwenye masufuria. Sina neno hapo. Shida huja tanga likishaanuliwa. Ukoo unakaa, muhtasari unaandikwa, shemeji anapitishwa kuwa msimamizi wa mirathi, mjane anaambiwa atie saini. Anatia bila kusomewa. Baadaye tunamchangia kodi ya chumba na kujisifu kwa ukarimu. Na huyo shemeji Jumapili anasoma somo la kwanza!

Wanaosema haki ni siasa wasome Matendo ya Mitume sura ya 6, polepole. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema mikate iongezwe. Waliita mkutano, wakaweka watu saba wa kusimamia mgao. Tazama majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani. Najua, hata Filipo mtume, mtu wa Bethsaida, alikuwa na jina la Kiyunani, kwa hiyo jina peke yake si ushahidi. Lakini yote saba? Mimi naona usimamizi ulikabidhiwa kwa upande uliokuwa unapunjwa, na hilo ni zito kuliko mkate wowote. Torati nayo, Walawi 19, inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni. Masazo ni ya maskini na mgeni. Hiyo haikuachwa kwenye hiari ya moyo wake, iliandikwa kuwa sheria.

Sasa sheria yetu ya Tanzania. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, zinasema mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa zina ubaguzi, ila haikuzifuta. Kwa hiyo sala bila karatasi hazitoshi: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, mjane awepo kikaoni, asitie saini asichosomewa, pingamizi liwekwe mahakamani kabla haijamteua msimamizi. Wasaidizi wa kisheria wapo, waulizeni.

Kuna jambo linaninyima usingizi, lakini. Mjane akilipata shamba, mara nyingine anaupoteza ukoo. Watoto hawaitwi tena kwenye shughuli za baba zao, na sisi tuliomsukuma mahakamani hatulali naye kwenye ile boma. Wapo waliokataa kesi wakachagua kuelewana na wakwe. Sina hakika nilikuwa na haki ya kuwabembeleza.

Mzee hakukubali kushindwa. Akauliza: na shemeji akiwa ndiye mwenyekiti wa jumuiya? Jibu zuri sina. Huwa naomba aende mtu wa jumuiya ya jirani, na paroko ajulishwe kabla ya kikao cha ukoo. Akijulishwa baada, ataishia kuongoza sala ya mapatano juu ya muhtasari uliokwisha kusainiwa.