“Lakini Kocha, mimi hushinda nayo”: dhana potofu kuhusu Gambiti ya Englund

Kwenye sataranji, Mweupe anaanza kwa kusogeza kitunda (kete ndogo kabisa) hadi d4 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni), Mweusi anajibu kwa kitunda chake e5, na kitunda hicho cha Mweusi kimekwenda kabla watu hawajakaa vizuri vitini. Hiyo ndiyo Gambiti ya Englund; gambiti ni kutoa kete makusudi mwanzoni mwa mchezo ili upate faida nyingine. Kila ninapomwambia mwanafunzi aiache, jibu ni lilelile: “Lakini Kocha, mimi hushinda nayo.” Wiki hii nimelisikia tena, basi leo nalijibu kwa maandishi.

Dhana: Inanipa ushindi, kwa hiyo ni ufunguzi mzuri

Unashinda, sikatai. Ila hebu tazama unashindaje. Mweupe anakula e5, farasi wako anatoka c6, wa kwake f3, malkia wako anasogea e7. Mweupe analinda kitunda kwa askofu f4. Malkia wako anapiga cheki (anamtishia mfalme) kutoka b4, askofu anarudi d2, malkia wako anakula b2. Sasa ni hatua ya sita ya Mweupe, na mchezo mzima umening’inia kwenye swali moja: ataweka kete gani c3?

Akiweka askofu, amekwisha. Askofu wako anatua b4, na yule wa c3 hawezi kumla malkia wako kwa sababu nyuma yake yuko mfalme. Malkia wa Mweupe anakuja d2 kuokoa jahazi, mnakulana pale c3, kisha malkia wako anashuka c1: chekmeti, hatua ya nane. Tamu kweli, na ndiyo video ambayo kila mtu ameiona.

Akiweka farasi c3, hadithi inageuka. Ngome inakuja b1, malkia wako anakimbilia a3, farasi anaruka d5 na kuitolea macho c7, ambako atamshika mfalme na ngome yako kwa pigo moja. Kete zako nyingine bado zimelala. Mraba ni uleule, kete ni tofauti, na wewe huna la kusema katika uchaguzi huo. Mpinzani akishaonyeshwa hatua hiyo mara moja, haisahau.

Ninachowalazimisha wanafunzi wangu kufanya, hata wakinuna, ni hiki: geuza ubao. Cheza upande wa Mweupe mara kumi dhidi ya gambiti yako mwenyewe, ukiweka farasi c3 kila mara. Wengi hawafiki mara ya tano. Halafu wanaotunza orodha ya ushindi wao nawaomba orodha ya vipigo, na hapo kimya kinatawala.

Dhana: Mpinzani akishtuka, nusu ya kazi imekwisha

Mwaka 1918, New York, Frank Marshall, akiwa Mweusi, alimshtua gwiji mwenzake Capablanca kwa gambiti mpya ya d5 ndani ya ufunguzi uitwao Ruy Lopez. Capablanca alikula kitunda, akavumilia shambulizi kali, akashinda. Na hiyo ni gambiti imara, inayochezwa na mabingwa hadi leo kwa sababu Mweusi anapata kete zilizo hai kwa kitunda alichotoa. Sasa Englund yako inapata nini mtego ukishapita?

Dhana: Gambiti ni za wanaoanza tu

Hata magwiji huzicheza: Spassky alimpiga Fischer kwa Gambiti ya Mfalme huko Mar del Plata, Argentina, mwaka 1960. Fischer akaandika makala ya kuiponda, na baadaye yeye mwenyewe akaicheza akiwa Mweupe. Tuendelee.

Dhana: Kompyuta imeikataa Englund, kwa hiyo ni marufuku

Hapa nawageukia wanaonishangilia kupita kiasi ninapoikosoa Englund. Kompyuta inampa Mweupe faida inayozidi kitunda kimoja, ni kweli, lakini aliye mbele yako si kompyuta. Katika mchezo wa dakika tatu, ukiwa na usingizi, icheze ufurahi. Katika mashindano ya saa nne, mpinzani ana muda wa kutosha kuiona farasi c3 hata kama hajawahi kuisikia.

Dhana: Gambiti ya Malkia nayo ni kamari vilevile

Jina tu. Mweupe anacheza d4, Mweusi d5, kisha Mweupe anatoa kitunda c4. Mweusi akila c4 na kung’ang’ania kitunda hicho, kwa kawaida ndiye anayeumia. Mweupe hukirudisha bila jasho. Ukitaka kuanza kujifunza kutoa kitunda, anzia hapo, na d4 uicheze wewe.