London wakati wa baridi bila mwongoza watalii: dhana potofu na ukweli wake

Mwambie mtu yeyote kwamba unapanga kutembelea London mwezi wa Januari, na swali la kwanza atakalokuuliza ni kama utaiweza baridi. Ni wachache watakaokuuliza jua huzama saa ngapi huko. Kwa maoni yangu hapo ndipo mipango mingi inapoharibikia. Watu humaliza wiki nzima wakitafuta koti, kisha wanapanga siku zao kana kwamba kutakuwa na mwanga hadi saa kumi na mbili jioni. Koti unaweza kulinunua hata ukishafika. Saa za mchana ni zilezile ulizopewa, na ratiba nzima inapaswa kuanzia hapo.

Dhana: "Nitatoka asubuhi nirudi jioni, siku nzima ni yangu"

London iko nyuzi 51.5 kaskazini mwa ikweta. Tarehe 21 Desemba jua huchomoza saa mbili na dakika 4 asubuhi na kuzama saa tisa na dakika 53 alasiri. Mchana wote ni saa 7 na dakika 50, na mawingu yakiwa mazito taa za barabarani huwaka mapema zaidi. Mwisho wa Januari machweo husogea hadi karibu saa kumi na dakika 50, na mwisho wa Februari hadi karibu saa kumi na moja na dakika 40. Tofauti hiyo ya karibu saa mbili kati ya Desemba na Februari ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya joto utakayoihisi, na ndiyo maana mtu akiniuliza achague mwezi gani, namwambia Februari kabla sijasikia sababu zake.

Ukishajua hivyo, mpangilio unajitokeza wenyewe: mambo ya nje yafanyike asubuhi na mchana, ya ndani yasubiri giza. Anza saa mbili na nusu asubuhi kwenye daraja la Westminster, mwanga ukiwa bado mchanga na watu wachache, Bunge na mnara wa Big Ben vikiwa mbele yako. Kata kupitia bustani ya St James's Park hadi Buckingham Palace. Zamu ya walinzi hubadilishwa saa tano asubuhi, kwa kawaida Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Mvua ikiwa kubwa sherehe hiyo hufutwa, kwa hiyo usiifanye kuwa nguzo pekee ya siku. Kuingia ndani ya vyumba rasmi vya kasri hilo ni jambo la majira ya joto hasa. Wakati wa baridi wageni huingizwa kwa ziara chache tu za kuongozwa, na tiketi zake huisha mapema.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika ratiba za watu ni kuiweka Tower of London mwishoni mwa siku. Wakati wa baridi ngome hiyo hufungwa saa kumi na nusu jioni, saa nzima kabla ya muda wake wa majira ya joto. Ni mahali pa nje kwa kiasi kikubwa, penye nyua na kuta za kutembea juu yake, na anayefika saa nane mchana huishia kuona vito vya kifalme na kusindikizwa mlangoni. Ipe asubuhi yake kamili.

Giza likishaingia mji haulali. Ijumaa ndiyo siku ya thamani kuliko zote: British Museum hubaki wazi hadi saa mbili na nusu usiku, National Gallery hadi saa tatu, na jumba la Victoria and Albert, ambalo wenyeji huliita V&A, hadi saa nne. Siku nyingine nyingi majumba haya hufunga kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni. Ukiwa na Ijumaa moja tu, panga kula mapema na utoke tena. Katika kanisa kuu la St Paul's, siku nyingi za wiki kuna ibada ya jioni inayoimbwa na kwaya saa kumi na moja. Hakuna kiingilio kwa anayekuja kusali na kusikiliza, ila si wakati wa kupiga picha. Jumapili kanisa hilo pamoja na Westminster Abbey hayapokei watalii kabisa, ni siku ya ibada.

Na kama miguu bado ina nguvu, kuna matembezi ya kama kilomita 4 kando ya mto Thames, upande wa kusini, kutoka daraja la Westminster hadi Tower Bridge. Njia ni tambarare, ina taa na watu, na majengo ya ng'ambo yanang'aa juu ya maji. Usiku wa baridi ndio wakati ninaoupenda zaidi kwa njia hii.

Dhana: "Kutakuwa na theluji tupu"

Huenda usiione hata moja. Januari joto la mchana London huwa wastani wa nyuzi 8 hivi, na usiku nyuzi 3. Theluji ikianguka mara nyingi huyeyuka baada ya siku moja au mbili. Anayejifungasha kama anayekwenda ncha ya dunia huteseka kwa namna tofauti: ndani ya treni na majumba ya makumbusho kuna joto la kutosha, na koti moja nene lisilo na kitu cha maana chini yake litamfanya atoe jasho, kisha jasho hilo limpoze akitoka nje.

Adui wa kweli ni unyevu na upepo. Joto likiwa nyuzi 5 na upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama ni sifuri, na kwenye madaraja ya Thames upepo wa namna hiyo ni wa kawaida. Vaa tabaka kadhaa unazoweza kuvua: fulana ya sufu au ya kitambaa cha michezo kugusa mwili, sweta juu yake, kisha koti la nje lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia yake. Pamba iache kwa siku kavu, kwa sababu ikilowa hukaa na maji na kukunyonya joto, ilhali sufu huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevu. Jinzi ni pamba pia, jambo ambalo wengi hulisahau. Mwavuli hupinduka darajani, kofia ya koti haipinduki.

Viatu viwe visivyopitisha maji na vyenye nafasi ya vidole kucheza. Kuvaa soksi jozi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni njia ya uhakika ya kuganda miguu, kwani damu haipiti vizuri. Jozi moja nene ya sufu inatosha.

Halafu kuna ile imani kwamba joto karibu lote la mwili hutokea kichwani, kwa hiyo ukivaa kofia umemaliza. Kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi ya mtu mzima, na hupoteza joto kwa kiwango kinacholingana na ukubwa huo. Vaa kofia, ndiyo, lakini isikufanye usahau skafu na glavu.

Dhana: "Krismasi ndiyo wakati wenyewe"

Kwa taa na mapambo, ni kweli. Regent Street na Oxford Street huwashwa taa kuanzia Novemba hadi mapema Januari, na Trafalgar Square husimamishwa mti mkubwa ambao mji wa Oslo huupeleka kila mwaka tangu 1947, kama shukrani kwa msaada wa Uingereza kwa Norway wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Vyote hivyo unaweza kuviona katikati ya Desemba bila kugusa sikukuu yenyewe.

Tarehe 25 Desemba ni jambo jingine. Treni za chini ya ardhi hazitembei, mabasi ya jiji hayatembei, na treni za kwenda mikoani pia zimesimama. Zinabaki teksi, baiskeli za kukodi na miguu yako. Tarehe 26 usafiri hurudi kwa kusuasua. British Museum, National Gallery, V&A, jumba la historia ya viumbe la Natural History Museum na Tower of London vyote hufungwa tarehe 24, 25 na 26. National Gallery na Tower hufunga tena tarehe 1 Januari. Mgeni asiyejua haya hujikuta na siku tatu za hoteli ya bei ya juu kabisa na milango imefungwa. Kama lazima uwepo siku hiyo, chagua malazi katikati ya jiji, mahali unapoweza kutembea kwa miguu hadi mtoni, na upange chakula mapema.

Fataki za mkesha wa mwaka mpya nazo, tangu 2014, hutazamwa kwa tiketi katika maeneo rasmi ya kando ya mto. Bei za vyumba hushuka mwaka mpya ukishapita, na foleni hupungua pamoja nazo, isipokuwa ile wiki ya likizo fupi ya shule katikati ya Februari.

Dhana: "Nina viza ya Schengen, inatosha"

Haitoshi. Uingereza haijawahi kuwa ndani ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hata ilipokuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Raia wa Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza ya mgeni ya Uingereza yenyewe. Maombi unaweza kuyawasilisha miezi 3 kabla ya safari, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole, lakini usiibane ratiba yako kiasi hicho. Anayetaka kuchukua treni ya Eurostar kwenda Paris kwa siku moja, safari ya saa 2 na dakika 20 hivi, atahitaji viza zote mbili.

Dhana: "Kiingilio ni bure, kwa hiyo naingia tu"

Majumba makubwa ya kitaifa hayatozi kiingilio kwa mikusanyo yake ya kudumu, utaratibu uliokamilika 2001. Maonyesho ya muda hulipiwa. Bure, hata hivyo, haimaanishi mlango mtupu. Wikendi foleni ya Natural History Museum husimama nje kwenye upepo, na aliyeweka nafasi ya saa maalumu kupitia intaneti, pia bila malipo, hupita upesi zaidi. Mizigo mikubwa ya magurudumu hairuhusiwi British Museum, basi usipange kupitia hapo ukitoka uwanja wa ndege.

Hapa msimu wa baridi una zawadi ambayo majira ya joto hayana. Sky Garden na Horizon 22 ni sehemu mbili za juu ya maghorofa ambako unaona jiji zima bila kulipa, ukiweka nafasi mapema. Horizon 22 iko ghorofa ya 58. Juni utasubiri machweo hadi baada ya saa tatu usiku. Desemba ukichukua nafasi ya saa tisa alasiri utaona jiji kwa mwanga wa mchana, jua likizama, na taa zikiwaka, yote katika ziara moja, nawe uko nyuma ya kioo penye joto. Nafasi hizo ndizo zinazoisha kwanza.

Dhana: "Bila mwongozaji sitaelewa kitu"

Kujiongoza hakumaanishi kukosa wa kukueleza. Tiketi ya Tower of London inajumuisha ziara ya walinzi wake maarufu, na British Museum ina ziara fupi za bure za wahudumu wa kujitolea, chumba kimoja baada ya kingine. Chagua vyumba vichache. Anayetaka kumaliza British Museum kwa siku moja hutoka na uchovu tu.

Dhana: "Nitazunguka kwa treni ya chini ya ardhi tu"

Kutoka kituo cha Leicester Square hadi Covent Garden ni kama mita 260, na kule kushuka na kupanda vituoni hula muda kuliko kutembea. Basi la ghorofa namba 15 hupita Trafalgar Square, St Paul's na Tower. Kaa juu mbele kabisa, umepata ziara kwa nauli ya kawaida, miguu ikipumzika penye joto. Mabasi hayapokei fedha taslimu tangu 2014. Gusisha kadi ya benki au simu, na utumie kadi ileile siku nzima, kwani mfumo una kikomo cha nauli cha siku na husimamisha makato ukikifikia. Wikendi angalia kama laini yako inafanyiwa matengenezo.

Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi huishusha betri haraka, na beba chaja ya mkononi. Andika pia kwenye karatasi jina la hoteli, kituo kilicho karibu nayo na namba ya basi linalofika hapo.